Abacaxi ni nanasi, ila si kila abacaxi humenywa kwa kisu

Swali hili limetoka kwa msomaji aliyeko Dar es Salaam. Nalifupisha kidogo:

"Mwalimu, shikamoo. Nilisoma Kireno Maputo kwa miaka miwili. Sasa nimepata kibarua cha kutafsiri tamthilia ya Kibrazili ili itiwe sauti za Kiswahili. Maputo nanasi tuliliita ananás. Humu kwenye tamthilia hakuna anayesema ananás, wote ni abacaxi, abacaxi. Mwanzo nikadhani ni tunda jingine. Juzi nimefika sehemu ambayo mama mmoja anafungua barua ya benki, anajishika kichwa na kusema (anacheka kwa uchungu) 'Que abacaxi!' Mezani hakuna tunda lolote. Mwenzangu ameandika 'Nanasi gani hili!' Nimemkatalia, ila na mimi sina cha kuweka. Hili neno maana yake nini hasa? Na nikirudi Msumbiji naweza kulitumia?"

Marahaba, mwanangu. Kumkatalia mwenzako umefanya vema. Mtazamaji wa Tandika akimsikia mama mwenye barua ya benki mkononi analalamikia nanasi, atadhani ameruka kipande cha hadithi, au mtafsiri alikuwa na njaa siku hiyo.

Jibu la haraka ni kwamba abacaxi ni nanasi, hilihili tunalolijua, Ananas comosus kwa jina la kitaalamu. Kireno kina majina mawili ya tunda hili. Lipi litumike, inategemea msemaji ni mtu wa wapi na ana nanasi gani mkononi. Tena Wabrazili wamelipa abacaxi kazi ya pili: kero iliyokuangukia, ambayo hakuna mwingine anayetaka kuishika. Yule mama wa tamthilia ana deni la benki. Tunda halimo.

Sasa twende polepole, maana neno hili lina mengi ndani.

Tuanze na kinywa. Ile x husomwa sh, na mkazo unakaa mwisho kabisa: a-ba-ka-SHI. Sisi tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo tukiachiwa tutasema abaKAshi. Mbrazili atakuelewa, ila atatabasamu. Wingi wake ni abacaxis. Ananás nayo imekazwa mwisho, na ile s ni sehemu ya neno, haionyeshi wingi; ukiwa nayo mengi unasema ananases. Watu wa Argentina, wanaosema Kihispania, waliiona s hiyo kuwa ya wingi, wakaiondoa ili wapate umoja, ndiyo maana kwao tunda ni ananá. Wahispania wa Ulaya wao hulisema piña, neno lilelile la tunda gumu la msonobari, kwa sababu walipoliona mara ya kwanza huko visiwa vya Karibi, katika safari ya pili ya Columbus mwaka 1493, waliona magamba yanafanana. Ukiwa Buenos Aires usiseme piña ovyo. Huko piña ni ngumi ya uso.

Majina yote mawili ya Kireno yametoka kwa watu wamoja, Watupi, waliokuwa wakiishi pwani ya Brazili Wareno walipotia nanga mwaka 1500. Tunda lenyewe waliliita naná. Mtawa mmoja Mfaransa, André Thevet, alifika kwenye ghuba ya Rio de Janeiro mwaka 1555, na katika kitabu alichokichapisha mwaka 1557 aliwaeleza watu wa Ulaya habari za tunda hilo kwa jina la nana. Kireno kikaliongezea a mwanzoni na s mwishoni, tukapata ananás. Jina hilo ndilo lililopanda meli na kuzunguka dunia.

Abacaxi lilibaki nyumbani. Wenye elimu ya maneno wengi hulifungua hivi: sehemu ya kwanza ni neno la Kitupi la tunda, na ya pili, 'kati' kwa Kitupi, ni harufu kali inayotoka kwenye kitu. Hapa Kiswahili kinatubana kwa namna ya kupendeza, maana sisi tunatenganisha kunuka na kunukia, na huwezi kutafsiri bila kuchagua upande. Mimi nasema tunda linalonukia. Lakini aliyewahi kukaa kiti cha nyuma cha basi, jirani na gunia la mananasi yaliyoiva mno, saa saba mchana, ana haki ya kuchagua neno la pili.

Na nanasi letu je? Hili linastahili tulikalie, kwa sababu watu wengi hudhani nanasi ni neno "letu" na ananás ni neno "lao", kumbe ni ndugu wa tumbo moja. Chukua ananás. Kiswahili hakipendi neno kuishia na konsonanti, kwa hiyo hulifunga kwa i, kama tulivyofanya kwa basi na Krismasi. Umeshapata ananasi. Angalia jambo zuri lililotokea: kwa kuongeza silabi moja mwishoni, ule mkazo wa Kireno uliokuwa ukingoni sasa umejikuta kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, mahali ambapo Kiswahili kingeuweka hata hivyo. A-na-NÁS, a-na-NA-si. Mkazo haukusogea hata hatua moja.

Imebaki ile a ya mwanzo. Imekwenda wapi? Maoni yangu ni kwamba imemezwa na wingi. Tunda likiingia Kiswahili huenda kwenye kundi la embe na chungwa, na wingi wake ni ma-. Sema maananasi kwa haraka mara kumi, utaona zile a mbili zimekuwa moja: mananasi. Baada ya hapo mtoto anayejifunza kusema hupiga hesabu yake mwenyewe: kama machungwa bila ma- ni chungwa, basi mananasi bila ma- ni nanasi. Kiswahili kimepoteza irabu ya mwanzo ya Kireno mahali pengine pia. Igreja, kanisa la Wareno, limekuwa gereza, na humo historia imeacha mzaha mchungu usiohitaji maelezo. Mmea nao ukapata m- ya miti, mnanasi, minanasi, ijapokuwa si mti hata kidogo, ni fungu la majani tu.

Matokeo yake yananifurahisha kila nikiyakumbuka. Wareno waliongeza a, sisi tukaidondosha, na nanasi likarudi karibu kabisa na ile naná ya Watupi. Wamalei walifika palepale kwa njia yao, wanasema nanas. Majirani zetu wanaopenda irabu mbele ya nomino wameweka yao: Wanyarwanda na Warundi inanasi, Waganda ennaanansi. Ng'ambo ya bahari, Mmalagasi anaita tunda moja mananasy. Kwake hilo ni umoja, lakini sikio lako la Kiswahili linasikia fungu zima.

Neno hilo lilitufikiaje pwani, hapo njia ni zaidi ya moja. Wareno walikaa Mombasa na kwingineko kwa muda mrefu, Fort Jesus wakaanza kuijenga mwaka 1593, na walituachia meza, bendera, leso na foronya. Lakini Waarabu nao husema ananas, na Wahindi pia, na majahazi yalikuwa yakienda na kurudi kila msimu wa kaskazi na kusi. Njia yoyote utakayoifuata, mwisho wake utaishia pwani ya Brazili. Bibo unalolijua kwa watu wa Mtwara, lile lenye korosho kichwani, lina jina jingine, kanju, nalo ni hadithi hiyohiyo: Kireno caju, kutoka acaju la Kitupi. Mzee wa Newala anayekunywa uraka chini ya mkorosho anatumia urithi wa watu ambao huenda hajapata kuwasikia.

Kwa kuwa umeniuliza habari ya jina la nanasi lisilo la kawaida, niruhusu nikupe jingine, kisha tuendelee. Katika dola ya Wamoghul kule India, mwishoni mwa karne ya 16, waziri wa mfalme Akbar, Abul Fazl, aliorodhesha matunda ya nchi pamoja na mambo mengine ya ufalme. Anapofika kwenye nanasi anasema huitwa pia kathal-i-safari. Kathal ni fenesi. Safari ni safari, ileile yetu. Fenesi la safari! Sababu anaitoa mwenyewe: unaweza kutia mche wake kwenye chombo ukasafiri nao, na huko njiani ukazaa. Ukitazama, hata ganda lina ujamaa: nundu za fenesi na nundu za nanasi. Wamalayali wa kusini mwa India nao walikwenda kwenye fenesi hilohilo, wakalioanisha na mkadi, ule mmea wa pwani wenye majani ya miba, wakasema kaitachakka, fenesi la mkadi. Watu wakikutana na kitu kigeni humtafuta jirani yake waliyemzoea. Sisi hatukufanya hivyo, tulichukua jina kama lilivyokuja. Laiti lile la Abul Fazl lingefika Lamu. Kiswahili kingelipokea bila hata kulinyoosha.

Haya, turudi kwa abacaxi na ramani yake, maana hapo ndipo utakapojibiwa kuhusu Msumbiji.

Brazili, tunda la sokoni ni abacaxi, basi. Lile wanalolipenda zaidi huitwa pérola, yaani lulu: limechongoka kidogo juu, ganda hubaki kijani hata likiiva, nyama yake nyeupe, na majani yana miba ukingoni. Wana pia ile aina ya majani laini ambayo ni ya mashamba makubwa ya Thika. Juisi ni suco de abacaxi, mara nyingi wakiisaga na mnanaa. Maganda hawatupi. Kaskazini-mashariki mwa nchi huyaloweka siku kadhaa na sukari yakachacha kidogo, kinywaji hicho wanakiita aluá. Kwetu maganda hayohayo huchemshwa na tangawizi. Na neno ananás kwa Mbrazili? Analijua, lakini kwake lina harufu ya kitabu, au ni la yale mananasi ya porini, mekundu, magumu, ambayo hayaliwi kwa raha.

Ureno mambo ni kinyume, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Mreno ana maneno yote mawili na anayatofautisha kama sisi tunavyotofautisha kuku wa kienyeji na kuku wa kisasa. Ananás, kwa maana yake kamili, ni lile la visiwa vya Açores, hasa São Miguel, katikati ya Atlantiki, ambako wanalilima ndani ya vibanda vya kioo tangu karne ya 19. Huko ni baridi kwa nanasi, kwa hiyo linachukua kama miaka miwili tangu mche hadi kuvunwa. Wana ujanja mmoja ambao nikiwasimulia wakulima wa Kiwangwa hucheka: huufunga mlango wa kibanda na kuwasha takataka za majani hadi moshi ujae. Moshi huo unaushitua mnanasi, na mingi huchanua kwa wakati mmoja. Siri yake ni gesi ya ethilini iliyomo kwenye moshi. Wakulima wetu leo hupata matokeo hayohayo kwa dawa ya kumimina katikati ya mmea, bila kukohoa. Nanasi hilo la kioo ni dogo, lina ukali wake na bei yake. Lile kubwa lililoletwa kwa meli kutoka nchi za joto, Mreno huliita abacaxi. Kwa hiyo ukiwa Lisbon, ukimwambia muuza matunda "hili ananás ni la wapi?" huku umeshika la kutoka ng'ambo, anaweza kukusahihisha.

Msumbiji, kama ulivyoona mwenyewe, neno la kila siku ni ananás. Ukipita barabara kuu ya kaskazini, Muxúnguè, mkoa wa Sofala, yamepangwa kando ya lami kama matofali, na wauzaji wanakimbilia madirisha ya mabasi wakilitaja kwa jina hilo. Nicoadala, Zambézia, vivyo hivyo. Abacaxi watalielewa, tamthilia za Kibrazili zimeingia kila sebule. Lakini kulisema wewe ni kama kijana wa Tanga arudi nyumbani akisema Kiswahili cha Nairobi. Hakuna kosa la sarufi, ila watakuuliza umekaa wapi. Maputo kaa na ananás yako. Na ukiona kwenye boksi la juisi imeandikwa sumo, ni la upande wa Ureno na Msumbiji. Suco ni la Brazili.

Sasa barua ya benki.

Ili uelewe kwa nini Mbrazili analiita tatizo nanasi, acha kamusi, nenda kasimame dakika tano mbele ya mkokoteni wa muuza matunda. Mimi huwa nasimama. Kijana analikata kitako kwanza, nanasi linasimama wima. Anashika kishungi cha majani kwa mkono wa kushoto, anashusha kisu kutoka juu hadi chini, ganda linaanguka vipande virefu. Mtu asiyejua angedhani kazi imekwisha. Kazi ndiyo imeanza, kwa sababu macho yamebaki: yale matundu meusi yenye nywele yaliyozama ndani ya nyama. Kila jicho ni ua lililokauka, na nanasi moja ni maua 100 hadi 200 yaliyoshikana yakawa tunda moja. Macho hayo hayakutawanyika ovyo. Yamejipanga kwa safu za mshazari, mara nyingi 8 zikizungukia upande mmoja na 13 upande wa pili. Kijana hajawahi kuzihesabu, lakini kisu chake kinazijua: anachimba mfereji mmoja mwembamba unaofuata safu, jicho, jicho, jicho, anageuza, anachimba mwingine, mpaka nanasi linabaki na mistari kama parafujo. Maji yanamtiririka hadi kwenye kiwiko. Akiwa na kidonda kidole, anauma meno.

Sasa mpe nanasi hilohilo mtu aliyezoea ndizi. Atachomwa na majani, ataacha nusu ya tunda kwenye ganda, na macho yatabaki yamwashe ulimi. Hicho ndicho Wabrazili wanachokisema. Descascar ni kumenya, na descascar o abacaxi ni kulimaliza jambo gumu, lenye miba, ambalo ungependa limwangukie mwenzako. "Sobrou pra mim descascar o abacaxi": kulimenya kumebaki kwangu mimi. Hapo wenzake wameshanawa mikono na kuondoka.

Pima uzito wake vizuri. Abacaxi si msiba. Mtu hafiwi halafu akasema que abacaxi, angeonekana hana utu. Si tusi pia, unaweza kulisema mbele ya mkwe. Ni kero yenye ncha, na mara nyingi ni kero ya mwingine iliyohamishiwa kwako. Magazeti ya Brazili hulitumia bila haya: meya mpya ameingia ofisini amekuta hazina tupu na mishahara haijalipwa, basi karithi um abacaxi.

Lina na tawi jingine, la kitu kibovu. Gari ulilouziwa limepakwa rangi vizuri na wiki ya pili injini imekufa, hilo ni abacaxi. Filamu mbaya, abacaxi. Kulikuwa na mtangazaji maarufu wa televisheni, Abelardo Barbosa, aliyejulikana kama Chacrinha, ambaye kwenye mashindano yake ya waimbaji aliyeboronga alikabidhiwa Troféu Abacaxi, kombe la nanasi. Nchi nzima ilicheka. Alifariki mwaka 1988, lakini ukitafsiri tamthilia inayosimulia miaka ya 70 na 80, usishangae mtu akiimba vibaya sebuleni na mjomba akaenda jikoni kuchukua nanasi.

Tuje kwenye kazi yako. Kosa la kwanza umelikwepa, la kutafsiri tunda. Kosa la pili ndilo linalowapata hata wazoefu: kuamua kwamba abacaxi "ni" neno fulani moja la Kiswahili, kisha kulibandika kila linapotokea. Kiswahili kina ghala kubwa hapa, na vitu vya ghalani havilingani.

Abacaxi la kurithi, la meya, hilo ni zigo. Amebebeshwa zigo. Abacaxi la gari bovu, ameuziwa mbuzi kwenye gunia, na hapo mtazamaji wako atacheka kuliko hata Mbrazili alivyocheka. Filamu mbaya ni kanyaboya. Lile jambo ambalo kila fundi amelijaribu akashindwa na sasa limefika kwako, una mfupa uliomshinda fisi, na msemo huu naupenda kwa sababu una kile kitu cha abacaxi ambacho msala hauna: unaonyesha kwamba kuna walioshika kabla yako wakaacha. Kijana wa mtaani kwenye tamthilia atasema kimbembe, au msala. Mwanasheria wake hatasema hivyo. Kama tamthilia itaonyeshwa Mombasa na Nairobi pia, kanyaboya huenda lisifike, lakini zigo na mbuzi wa gunia watafika bila nauli.

Tahadhari moja ndogo: shamba la Wabrazili halina nanasi peke yake. Pepino, tango, nalo ni tatizo la kutatuliwa, na wanasema que pepino vilevile. Mtu dhaifu asiyeweza kumwambia bosi hapana huitwa um banana. Ukiona mboga au tunda mahali ambapo hakuna anayekula, simamisha picha kwanza.

Sasa yule mama. Maandishi ya chini ya picha yangekuachia uhuru, lakini wewe unatia sauti, kwa hiyo una mdomo wa kuufuata. Itazame tena sekunde ile bila sauti. Que abacaxi hutoka ki-a-ba-ka-shi. Midomo inafunga mara moja tu, kwenye b, karibu katikati. Mwishoni midomo imevutwa pembeni, meno yanaonekana, kwa sababu ya i iliyokazwa. Unatafuta maneno ya Kiswahili yenye urefu kama huo, yanayofunga midomo katikati na kuishia na i. "Msala huu!" linafunga midomo mwanzoni na kuishia na midomo mviringo, mtazamaji atahisi kitu hakikai sawa hata kama hawezi kusema ni nini. "Balaa hili!" limekaribia, mwisho wake ni mzuri, ila balaa ni zito mno kwa barua moja ya benki, na huyo mama kwenye mabano yako umeandika "anacheka kwa uchungu."

Mimi ningeweka "Huu mtihani!" Hesabu: hu-u-m-ti-ha-ni. Silabi moja zaidi, lakini hu-u hutamkwa kwa mvuto mmoja kama Mbrazili anavyounganisha que na a. Midomo inafunga kwenye m, palepale ilipokuwa b. Inaishia na i. Na mtihani kwa Kiswahili ni neno la mama mtu mzima, mwenye adabu zake, aliyepata kero isiyo msiba na bado ana nguvu ya kujicheka.

Kabla hujaliandika, nenda mbele sehemu tatu au nne uangalie kama mwandishi hakumtega mtu. Wabrazili wanapenda mchezo huu: mama analalamika leo que abacaxi, kesho mtoto wake anamletea nanasi la kweli na kisu. Ukikuta hivyo, mtihani hautakusaidia, kwa sababu mtoto hawezi kuja na mtihani kwenye sahani. Hapo mpe mama mstari mrefu zaidi akiwa amegeuka na midomo haionekani, kitu kama "Nanasi lina miba, na nimeachiwa mimi nilimenye," kisha lile tunda likija, watu wa Tandika watajua limetoka wapi.